Kupita nchi za watu kwa baiskeli bila kujua lugha yao

Anayepanga safari ya baiskeli kupita nchi tatu au nne huanza kwa kujiuliza ajifunze lugha ipi, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Hakuna anayeweza kujifunza Kituruki, Kijojia na Kirusi kwa miezi miwili huku akifanya kazi na kufunga mizigo. Lakini mambo ambayo mwendesha baiskeli hulazimika kuyasema kwa siku ni machache: njia, maji, chakula, mahali pa kulala, bei, na mara moja moja kifaa kilichokufa au mwili unaouma. Kazi iliyopo ni kuyaandaa hayo machache mapema, ili wewe usikisie na mwenyeji naye asikisie. Kukisia ndiko kunakompoteza mtu njia, kunakomnunulisha tyubu isiyoingia na kunakomtilia dizeli kwenye jiko la petroli.

Tuanze na njia, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa kuliko kitu kingine chochote. Kosa la kwanza ni kunyoosha kidole mbele na kuuliza, "Hii ndiyo njia ya mahali fulani?" Mtu aliyekusikia nusu atasema ndiyo. Hana nia mbaya. Sehemu nyingi kumkatalia mgeni ni kukosa adabu, na isitoshe wewe mwenyewe umeshamwonyesha jibu unalolitaka. Badala yake taja jina la mji, ongeza neno la "wapi" kwa lugha yake, na mikono yako ibaki kwenye usukani. Mwache yeye anyooshe. Akishaonyesha, rudia kwa mkono wako alivyoonyesha, kushoto, kisha moja kwa moja, kisha kulia, na umtazame usoni. Hapo ndipo makosa hujitokeza, kwa sababu atakushika mkono akusahihishe. Ukifika makutano yanayofuata, muulize mwingine.

Mji unaoutaja nao una uzito wake. Ukitaja mji mkuu ulio kilomita 300 mbele, utaelekezwa barabara kuu ya magari, kwa sababu ndiyo njia ambayo kila mtu anaijua kwenda huko. Taja kijiji au mji mdogo unaofuata, ulio umbali wa kilomita 10 au 15. Kila asubuhi andika majina ya vituo vinne au vitano vya siku hiyo kwenye karatasi, kwa herufi za wenyeji, na uiweke kwenye mfuko wa ramani ulio juu ya mkoba wa usukani. Ramani yenye herufi za Kilatini haimsaidii mzee wa kijijini aliyezoea kusoma Kijojia au Kithai tu. Programu ya ramani iitwayo OsmAnd, inayotumia data za ramani huria ya OpenStreetMap, hukuruhusu kuchagua majina ya ramani yaonekane kwa lugha gani. Yaweke katika lugha ya mahali ulipo pale unapotaka kumwonyesha mtu.

Kuna pia majina yanayobadilika bila mji wenyewe kusogea. Ubelgiji ndiyo mfano mzuri. Ukiwa upande wa Kiholanzi, kibao kinachokupeleka Lille kimeandikwa Rijsel, Mons ni Bergen, na Liège ni Luik. Ukivuka mstari wa lugha majina yanageuka. Anayefuata jina moja tu atapita makutano akiamini bado hajafika. Andika majina yote mawili kwenye karatasi yako, na kando yake namba ya barabara, maana namba haitafsiriwi.

Ishara za kichwa zisikudanganye. Bulgaria, kuinamisha kichwa chini na juu ni kukataa, na kukizungusha kushoto na kulia ni kukubali. Wapo waliozoea wageni ambao hugeuza ili kukusaidia, na hapo utata unazidi. Uturuki na Ugiriki mtu hukataa kwa kuinua kichwa na nyusi mara moja, mara nyingine pamoja na mlio wa ulimi ambao mgeni anaweza kuudhani msonyo. Si tusi, ni "hapana" tu. Mimi naona maneno mawili ya kwanza kujifunza katika kila lugha ni "ndiyo" na "hapana", kabla hata ya salamu, kwa sababu hayo ndiyo yanayokuokoa na ishara.

Baada ya hayo, jifunze namba. Moja hadi kumi, mia na elfu zinatosha kuanzia, lakini hata ukizijua, bei iandikwe. Kijerumani, Kiholanzi na Kiarabu hutanguliza mamoja kabla ya makumi, yaani 45 husemwa "tano na arobaini", na sikio lililochoka huandika 54. Kifaransa cha Ufaransa husema 92 kama "nne mara ishirini na kumi na mbili", ilhali Ubelgiji na Uswisi wana neno la tisini. Kwenye nchi ambazo fedha huhesabiwa kwa maelfu, wauzaji mara nyingi huliacha neno "elfu", kwa hiyo "kumi" ni 10,000. Hata maandishi yana mitego: sehemu kubwa ya Ulaya bara na Amerika ya Kusini, 1.500 ni elfu moja na mia tano, na mkato ndio unaotenga senti. Mpe muuzaji kikokotoo cha simu aandike mwenyewe. Kwenye nchi kama Misri na Iraki, jifunze tarakimu kumi za huko kabla hujafika: ٥ inayofanana na sifuri yetu ni tano, sifuri yenyewe ni nukta ٠, na ٦ inayofanana na saba ni sita. Hizo ndizo zilizo kwenye vibao vya umbali na bei. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama zetu.

Saa nazo ziandikwe kwa mtindo wa 14:00. Anayefikiri kwa Kiswahili akamwambia mtu "saa nane" kupitia programu ya kutafsiri anaweza kupewa nane ya Kizungu, na feri ikaondoka bila yeye. Ethiopia ndiko utakakojisikia nyumbani, kwa kuwa nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi. Hapo hatari inageuka, na tiketi ya basi inabidi uulize inafuata saa ipi. Kalenda yao nayo ina miezi 13.

Kuhusu maneno, msemaji wa Kiswahili anaanza safari akiwa na akiba ambayo wengi hawaikumbuki. Anayejua kuhesabu sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia na elfu tayari anaitambua nusu ya bei za Kiarabu akisikiliza kwa makini. Sokoni, "ghali" inaeleweka kama ilivyo, na "rakhis" ya Kiarabu, ndugu wa "rahisi" yetu, ni bei nafuu. Sabuni, hesabu, duka, chai, sukari, dawa, hatari, saa: mengi ya haya yanapatikana, kwa sauti iliyopinda kidogo, kutoka Cairo hadi Delhi. Uturuki ukimaliza kula, sema "hesap" na utaletewa bili. Usiyategemee yote, kwani maana huhama (dawa Uturuki ni "ilaç", itamke "ilach"), lakini yajaribu kabla hujafungua simu.

Panga pia kwa familia za lugha, si kwa nchi. "Voda" ni maji kuanzia Ucheki hadi Bulgaria hadi Urusi, na Poland ni "woda" inayotamkwa hivyo hivyo. "Su" ya Kituruki ni maji pia Azabajani na Kazakhstan, Uzbekistan ni "suv", na hesabu za Kituruki, bir, iki, üç, zinafanana mno na za Kikazaki, bir, eki, üsh. Maneno 30 ya Kituruki na 30 ya Kirusi yanakusukuma mbali sana barabara ya Asia ya Kati kuliko maneno 100 ya lugha moja. Chagua maneno ya vitu kuliko vitenzi: maji, mkate, hema, baiskeli, usiku mmoja, kesho, mlima, mbovu, bei gani, wapi, asante, samahani. Kisha yaandike kwa tahajia ya Kiswahili. Irabu zetu tano hazibadiliki sauti, kwa hiyo "chadir" (hema kwa Kituruki) ukiiandika hivyo utaisoma sawa hata umechoka, wakati "çadır" itakukwamisha. Maneno matano kwa siku, kadi moja juu ya mkoba wa usukani. Mlima mrefu ni muda mzuri wa kukariri.

Herufi ngeni hujifunzwa upesi kuliko lugha, na faida yake ni kubwa. Hangul ya Korea ina herufi za msingi 24 tu. Kisirili, mwandiko wa Kirusi na Kibulgaria, kinahitaji jioni mbili, na sehemu ngumu ni herufi zinazofanana na zetu kwa sura lakini si kwa sauti: В ni V, Н ni N, Р ni R, С ni S, У ni U. Ukishajua hivyo, АПТЕКА inasomeka "apteka", duka la dawa, na РЕСТОРАН haina haja ya maelezo. Kichina hakisomeki kwa njia hiyo, kwa hiyo kariri sura chache kama picha: 水 maji, 男 choo cha wanaume, 女 cha wanawake, 出口 pa kutokea.

Simu ina kazi yake, ila ipewe sentensi inazoweza kuzibeba. Pakua lugha za njia yako kwa matumizi bila mtandao kabla ya kuvuka mpaka, ukiwa kwenye Wi-Fi. Kama Kiswahili hakimo katika orodha ya kupakua, tumia Kiingereza kama daraja. Andika sentensi fupi, kila moja na jambo moja, bila misemo. "Naomba tu nijibanze hapa usiku wa leo" itatoka ikiwa kichekesho. "Naomba kulala hapa usiku mmoja. Nina hema. Nitaondoka kesho saa 07:00. Sitawasha moto." Hiyo inapita salama. Kabla ya kumwonyesha mtu, igeuze irudi kwenye lugha yako uone kama imebaki na maana ile ile. Ukuze maandishi na uongeze mwanga wa skrini, kwa sababu juani hakuna anayesoma herufi ndogo, na mzee asiye na miwani atakubali tu kwa heshima. Kama hasomi, tumia sauti. Ukimkabidhi mtu simu, bandika skrini kwanza ibaki kwenye programu hiyo moja. Android na iPhone zote zina mpangilio huo. Tafsiri ya kamera hula betri upesi. Dainamo ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu) hutoa kama wati 3 ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, na hizo hazitoshi kuijaza simu inayotafsiri mchana kutwa. Yale unayoyasema kila siku yapige picha ya skrini, au yaandike kwenye kadi ya plastiki.

Kadi ya kuomba mahali pa kulala ndiyo itakayochakaa kwanza. Iwe na sentensi zile nne za juu kwa lugha ya mahali, na mchoro wa hema kando ya baiskeli. Fika jua likiwa bado juu, shuka kwenye baiskeli, vua kofia na miwani ya jua, salimia, ndipo utoe kadi. Karatasi inayonyooshwa na mtu asiyeonekana macho huonekana kama ya ombaomba au ya polisi. Chakula hakihitaji mengi: nenda jikoni kama wanaruhusu na uonyeshe sufuria, au onyesha sahani ya jirani. Mwenye mzio tu ndiye anayehitaji kadi iliyoandikwa na mtu anayeijua lugha vizuri. Usiiachie programu jambo hilo.

Kwa fundi ndiko pesa na siku nyingi hupotea, na lugha huwa sababu kuliko ubovu wenyewe. Chukua mfano wa tairi. Unasema "ishirini na nane", fundi anakubali, anakupa, mnafika kwenye rimu haikai. Hakuna aliyedanganya. Inchi 28 ya baiskeli nyingi za safari ina kipenyo cha 622 mm, ilhali 28 x 1½ ya baiskeli kubwa za zamani za mizigo ni 635. Ya 26 ni hivyo hivyo: ya baiskeli za milimani ni 559, na 26 x 1⅜ ni 590. Zungusha gurudumu hadi uone maandishi ya ubavuni mwa tairi, mfano 37-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale ukingo wa tairi unapokaa kwenye rimu, zote kwa milimita. Namba hizo ni za kiwango cha ISO 5775 na hazitegemei lugha. Mwonyeshe fundi hizo, usitaje inchi. Tyubu yenyewe hunyumbulika, kwa hiyo ya 635 inaweza kusukumwa ndani ya 622 kwa dharura. Tairi haina msamaha huo.

Kisha valvu. Presta ni nyembamba, hupita tundu la milimita 6 hivi. Schrader, ile ya magari, na Dunlop zinahitaji tundu la 8. Mwenye rimu ya Presta akipewa tyubu ya Schrader hana la kufanya ila kutoboa rimu, na fundi mwenye dreli atakuwa ameshaichomeka kwenye umeme kabla hujapata neno la kumzuia. Rimu nyembamba hudhoofika kwa kutobolewa hivyo. Beba tyubu mbili zako, na tyubu iliyokufa usiitupe hadi mpya iingie na ishike upepo. Sheria hiyo ni ya kila kifaa: cheni iliyokatika, raba za breki zilizoisha, gololi, waya. Kifaa kibovu mkononi kinaeleweka kuliko maelezo yoyote.

Fundi mwema asiyekuelewa atatengeneza anachokiona yeye ni kibovu. Funga kipande cha utepe wa rangi pale penye tatizo, na pale tu. Gurudumu lililopinda, shikilia penseli karibu na rimu na ulizungushe, aone linapogusa. Mlio unaotokea ukiwa juu ya baiskeli tu, mwache aipande mwenyewe hatua chache, au urekodi kwa video. Spoku iliyokatika, pima urefu kutoka ndani ya kona yake hadi mwisho wa nyuzi. Ya upande wa gia na ya upande wa pili mara nyingi hazilingani, kwa hiyo andika zote mbili kwenye daftari kabla ya safari. Cheni, mwandikie idadi ya gia za nyuma: 8, 9, 10, 11. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume, jambo ambalo fundi wa baiskeli anajua ila fundi wa magari wa kando ya barabara huenda asijue. Mzuie kabla hajaongeza bomba kwenye spana. Na breki za mafuta zisiguswe bila kuangalia maandishi ya kwenye mfuniko. Kama pameandikwa DOT (aina ya mafuta ya breki) ni DOT, kama ni mafuta ya madini ni hayo tu. Yakichanganywa, raba za ndani huvimba na breki hufa siku chache baadaye, mara nyingi kwenye mteremko. Bei ikubalike kwa maandishi kabla ya spana ya kwanza, kifaa peke yake na kazi peke yake.

Mafuta ya jiko ndiyo yenye majina ya hatari zaidi. "Nafta" ni petroli Argentina, dizeli Ucheki, na mafuta ya taa Poland. "Petroleum" ya Kijerumani ni mafuta ya taa. "Paraffin" ya Uingereza ni mafuta ya taa, lakini Marekani ukiomba hilo utaletewa nta ya mishumaa. "Gasolio" ya Italia ni dizeli, ingawa inalia kama petroli. Kwenye pampu tafuta namba: 91, 95 au 98 ni okteni, nayo ni ya petroli tu. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Oktoba 2018, pampu zina alama za maumbo: duara lenye E5 au E10 ni petroli, mraba wenye B7 ni dizeli. Spiriti ya jiko ni "alcool à brûler" Ufaransa, "Brennspiritus" Ujerumani na "alcohol de quemar" Uhispania. Popote, nusa kabla ya kujaza chupa, na chupa iandikwe kilichomo.

Vibao vichache vinafaa kukaririwa kabla ya kuvuka mpaka. Bomba lenye "non potable" (Kifaransa) au "kein Trinkwasser" (Kijerumani) si la kunywa. "Radfahrer frei" ya Kijerumani chini ya kibao cha kukataza inamaanisha baiskeli inaruhusiwa kupita, na "sauf vélos" Ufaransa ni hivyo hivyo. "Radfahrer absteigen" inakutaka ushuke. Duara la bluu lenye baiskeli ni njia ya baiskeli, na duara la rangi nyeupe lenye ukingo mwekundu ni marufuku. Bosnia, "PAZI MINE" yenye fuvu ni mabomu ya ardhini: usitoke barabarani hata kwenda haja, wala usipige hema ubavuni mwa njia ambayo haijatumika.

Karatasi ya mwisho ni ya afya. Iandike kwa lugha za njia yote: kundi la damu, mzio, magonjwa, dawa unazotumia kwa jina la kitaalamu la dawa yenyewe, si jina la kampuni, maana la kampuni hubadilika kila nchi. Hata majina ya kitaalamu yana ndugu wawili wawili: paracetamol ni acetaminophen Marekani, Kanada na Japani, na salbutamol ya wenye pumu ni albuterol Marekani. Onyesha kasha pamoja na kiasi cha miligramu. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112. Ukipiga, tanguliza jina la nchi na la mji wa karibu, kisha namba ya barabara na kilomita iliyoandikwa kwenye nguzo ya pembeni, kisha koordineti kutoka kwenye simu, tarakimu moja moja, na umwombe azirudie. Aliye hoi kuzungumza ampe simu yeyote aliye karibu, ambaye atajua kueleza mahali hapo kwa lugha yake. Karatasi hii isikae kwenye mkoba mmoja na simu. Ikae mfukoni mwa jezi, mahali ambapo mtu mwingine ataikuta.